Mwalimu Kopo: Maisha ya Valence Kaijage, 1964–2025

Mwalimu Valence Kaijage alizaliwa tarehe 14 Machi 1964 wilayani Muleba, mkoa wa Kagera, mtoto wa tatu kati ya saba wa Mzee Protase na Mama Anastela. Mimi Angela, ninayewasomea, ni mdogo wake anayemfuata. Tarehe zote nimezitoa katika vyeti vyake na madaftari yangu.

Alimaliza darasa la saba mwaka 1979 na kidato cha nne mwaka 1983, kisha akasomea ualimu mkoani kwetu, miaka miwili. Barua ya kupangiwa kazi ilisema Mafia. Baba alimuuliza kama huko ni Tanzania. Alifika Kilindoni tarehe 19 Januari 1987, ametapika njia nzima, na kesho yake akapelekwa Shule ya Msingi Mtondooni, upande wa Kiegeani.

Shule haikuwa na choo cha kufaa. Mwaka 1988 alichimba shimo pamoja na wazazi, wakajenga vyumba viwili vya makuti. Ndani akatundika kwenye msumari karatasi za madaftari ya zamani, kama tulivyozoea nyumbani. Kwa wiki mbili watoto walikipita choo kile wakaenda vichakani. Aliwakasirikia mpaka Bi Chiku, mama wa mmoja wao, alipokuja shuleni.

"Mwalimu, shikamoo yako nitakupa baadaye. Mwanangu anaswali. Atoharike kwa hisabati?"

"Nimekosa, mama. Panatakiwa nini?"

"Maji, baba. Maji na kopo. Kwani huko kwenu mnafanyaje?"

Tangu siku hiyo alifika shuleni kabla ya kengele, akachota ndoo mbili kisimani na kuweka kopo katika kila chumba. Yeye Mkristo wa bara, aliifanya kazi hiyo miaka ishirini na mitano. Watoto wakamwita Mwalimu Kopo. Walimwamkia njiani, "Shikamoo, Mwalimu Kopo!" naye akajibu, "Marahaba. Limejaa?"

Alifundisha hisabati na sayansi. Mwaka 2008 akawa mwalimu mkuu msaidizi. Wapo hapa nahodha, wauguzi wawili na fundi umeme waliopita mikononi mwake.

Tarehe 7 Septemba 1991 alifunga ndoa na Jovina, muuguzi wa zahanati. Walijaliwa watoto watatu: Hosea, Goodness na Tumaini. Nguo zake alizifua mwenyewe, wanawe aliwaogesha mwenyewe, na majirani walipomcheka alisema maji hayana mwenyewe. Katika miaka thelathini na minne wifi yangu ana lalamiko moja tu, kwamba aliimba vibaya kanisani, tena kwa sauti.

Sasa nafika mwaka 2012. Nimeambiwa na kamati ya mazishi kwamba aya hii ifupishwe. Sikuifupisha.

Mwaka huo wafadhili waliwajengea wasichana wa Mtondooni choo cha marumaru, vyumba vinne, bomba ndani. Kilizinduliwa tarehe 16 Oktoba. Tarehe 17 Oktoba kilifungwa kwa kufuli. Wakaitwa wakubwa kukiona, wakakitumia, wakakisifu, kikafungwa tena. Kikapewa jina: choo cha wageni. Wasichana mia moja na arobaini wakabaki na shimo lililojaa mpaka ukingoni, lenye funza.

Tarehe 5 Februari 2013, Furaha wa darasa la sita, aliyekuwa katika siku zake, alikaa darasani toka asubuhi mpaka saa saba bila kusimama, kwa kuogopa shimo lile. Aliposimama, sketi ilikuwa imelowa na darasa likacheka. Alikwenda nyumbani, na hakurudi tena shuleni. Mwalimu alichukua nondo, akalivunja kufuli. Mwalimu mkuu wa wakati huo alimkimbilia.

"Valence! Wageni wakija wakakuta kumechafuka?"

"Wageni wana vyoo kwao. Hawa ndio wenye shule."

"Huoni hata kinyaa, mtu mzima, kugombania choo?"

"Naona. Choo kichafu ningekiosha. Kinachonitia kinyaa ni hiki kisafi."

Baada ya siku tisa alipewa barua ya kuharibu mali ya umma. Tarehe 3 Juni akahamishiwa Bweni, mwisho wa kisiwa, na cheo akavuliwa. Likanunuliwa kufuli jipya, kubwa zaidi. Watu wa Bweni walimpokea vizuri, tunawashukuru. Alifundisha huko mpaka alipostaafu Machi 2024, akarudi katika nyumba yake hapa Mtondooni. Barazani kwake mlango wa choo kile unaonekana. Kila siku ya shule aliwaona wasichana wakikipita choo cha marumaru kwenda vichakani. Aliandika barua tatu. Nakala ninazo. Majibu sina.

Sukari ilimwanza mwaka 2019, na figo zikachoka mwaka huu. Alilazwa Julai 21. Mwenyekiti wa kamati ya shule alikwenda kumwona, akamwambia, "Pona kwanza, Mwalimu, ya choo tutazungumza." Mwalimu akaugeukia ukuta. Kila jioni alimuuliza Goodness, "Wamekifungua?" Naye, kwa kuwa ni binti yake, hakumdanganya. Alifariki Jumamosi, Agosti 9, saa kumi na moja alfajiri.

Tangu hapo tumeletewa rambirambi zinazomwita nguzo ya elimu. Moja ina sahihi ileile iliyo kwenye barua ya kumhamisha. Nimezilinganisha. Niliisoma nikaenda kunawa mikono.

Yanayofuata hayamo katika karatasi mlizo nazo. Jana mchana mwenyekiti alikuja kumfariji mjane. Akamwambia, "Mama Hosea, usiwe na wasiwasi juu ya wageni wa wilayani. Choo tumeshakifungua."

Jovina akamwomba alione kufuli lenyewe. Akapewa. Akaingia nalo chumbani alimolala mumewe, akaliweka ndani ya jeneza, miguuni pake, kisha akamwita fundi apige misumari. Jioni mwenyekiti alirudi kulidai.

"Kamuulize mwenyewe," wifi yangu alimwambia.

Kwa hiyo wageni wetu mliokitumia choo kile asubuhi ya leo, tunawakaribisha, na tunawaomba mjue kilifunguliwa kwa ajili yenu. Ufunguo uko ofisini na unaweza kubaki huko. Atakayenunua kufuli la tatu atalifunga mbele ya Furaha, aliyekaa pale mlangoni tangu alfajiri na ndoo mbili na makopo manne. Binti yake yuko darasa la kwanza.

Marehemu ameacha mjane, Jovina, watoto, Hosea, Goodness na Tumaini, wajukuu wanne, nasi ndugu zake sita. Wifi yangu ametaka jina la Furaha nalo lisomwe hapa, na nimelisoma.

Lala salama, kaka. Wamekifungua.