Magoti Hayajaambiwa

Kila filimbi ya treni ilipolia, mzee aliyetoka gerezani asubuhi ile alichuchumaa kama mfungwa anayehesabiwa, akasema, "Mmoja." Yaya aliyetumika miaka ishirini katika nyumba ya watu aliketi nyuma yake, macho dirishani, masikio yote kwa mzee na mwalimu wa katekisimu aliyesafiri naye.

"Inuka, baba," mwalimu akamwambia. "Wewe ni mtoto wa Mungu, tena mpendwa. Mtoto haogopi kwao."

"Najua, mwalimu. Nilibatizwa humohumo ndani. Magoti ndiyo hayajaambiwa."

"Basi nayaambia mimi."

"Kwani wewe ni askari?"

Treni ikasimama kituo cha mwisho, milango ikafunguka, filimbi ikalia. Mzee akachuchumaa. "Mmoja."

"Wawili," sauti ikaitika nyuma yake. Yaya akageuka amtafute aliyesema, akakuta magoti yake mwenyewe yameshakunjwa.