Bi Piroska Vajna, Aliyeuliza Kanisa Kwanza

Ijumaa hii, tarehe 30 Mei, Bi Piroska Vajna anatimiza miaka thelathini na saba ya kupima ardhi katika ofisi yetu ya Târgu Secuiesc, na siku hiyohiyo anastaafu. Kazi ya kumwandikia maneno ya kumuaga nimepewa mimi, Noémi, mwanafunzi wa mazoezi, eti kwa kuwa nimesomeshwa kwa Kihungari na Kiromania. Kusimama mbele za watu siwezi. Kuandika nitajikaza.

Alianza na utepe wa chuma wa kupimia na buti za kuazima. Enzi za disketi, vipimo alivipeleka kwa treni hadi ofisi ya usajili wa ardhi, ndani ya kopo la keki ili visilowe. Mara ya kwanza karani alifungua kopo, akanuna: “Bi Piroska, vipimo tumeviona. Keki iko wapi?” Tangu siku hiyo alibeba makopo mawili.

Siku hizi vipimo tunavitoa kwenye programu ya ramani na kuvituma kwa kompyuta, lakini yeye ana desturi yake. Kabla ya kutuma, hulifungua faili upya juu ya ramani na kutafuta nukta ya mnara wa kanisa. Hiyo ndiyo anayoiita “kuuliza kanisa.” “Mwanangu, kanisa halihami. Ukiliona limehama, ujue umelihamisha wewe.”

Sasa niungame. Mwezi Machi nilitoa vipimo vya kijiji cha Szilvapatak, viwanja mia mbili kumi na vinne. Faili huwa na safu mbili za namba za mahali, na programu hutanguliza za mashariki. Usajili wetu hutaka za kaskazini zitangulie. Sikuzigeuza safu, na kanisa sikuliuliza. Faili likaenda kwa jina la Bi Piroska, na kijiji kizima kikaruka zaidi ya kilomita mia, hadi kwenye misitu ya dubu ya Mureș.

Likarudishwa. Miaka yote hiyo, hakuwahi kurudishiwa faili hata moja.

“Mama, siku hizi dubu nao wanapimiwa viwanja?” dereva wetu Csaba alimtania.

“Ndiyo, na hati zao utawapelekea wewe,” akajibu, ofisi ikaangua kicheko.

Pembeni, wengine walinong'ona kwamba macho yake yamechoka, heri aondoke. Niliwasikia, nikainamia kikombe cha chai. Yeye alirekebisha, akatuma tena, wala hakuuliza nani alikosea.

Basi ijulikane leo: macho yake hayajachoka. Kosa lilikuwa langu.

Jana alinikabidhi faili lake la mwisho nilitume, kwa jina lake, kisha akaenda zake kukata keki ya kokwa za jozi. Hata hakugeuka kuniangalia.

Asante, Bi Piroska, kwa niaba ya ofisi nzima na kwa niaba yangu zaidi. Tunakuombea afya, miaka mingi, na miti yako ya plamu nyumbani izae hadi matawi yainame. Na usiwe na wasiwasi kuhusu lile faili. Safu nimezigeuza. Kanisa nimeliuliza, mara tatu. Lipo palepale.