Shamba la Kutolima

Ndugu zangu na wamama, amani iwe nanyi. Mchungaji ameniomba nisimame hapa, nami si mtu wa kusimama mahali pamoja. Shule niliiacha mapema. Nimebeba mizigo mpaka Manguredjipa, nikashuka Beni, nikarudi.

Manguredjipa niliona mashimo ya dhahabu yaliyoachwa. Juu ya ule udongo uliokufa, majani ya aina moja yalikuwa yametangulia kuota. Kwa nini haya kwanza? Yatafuatwa na nini? Hakuna aliyejua. Swali likanikaa kichwani.

Ndipo mimi na mwalimu mmoja tukaanzisha mfuko. Si wa kukopeshana. Ni wa kusaidia watu wanaotafuta kujua mambo yanayochukua miaka mingi, bila kuahidi yataleta nini. Kazi ya kwanza ilikuwa shamba moja lililochoka, kule Musienene. Tulilikodi ili lisilimwe. Tuangalie tu nini kitaota, nini kitafuata, udongo utarudi namna gani.

Kutafuta watu wa kutuunga mkono ndiko kulinimaliza. Butembo, kila duka swali ni lile lile.

"Lakini papa, itazala nini?"

"Sijue bado."

"Donc unaomba tukusaidie kwa sababu haujue?"

Walicheka. Mwanzoni nilicheka nao.

Mwishowe mfanyabiashara mmoja wa Beni, Mwislamu mwenye malori, alinisikiliza mpaka mwisho. "Nitapanda mpaka Musienene nione na macho yangu," akasema. "Nikiona, nitaingia, na nitaita benzangu." Lakini barabara ilifungwa kwa ajili ya usalama, nikakwama kule muda mrefu.

Sasa, mnajua mambo yetu. Shamba likiingia majani, tunasema mwenyewe ana matatizo. Wamama wa kanisa hili walipita Musienene, wakaona pori, wakasikia nimekwama. Wakanihurumia. Wakafanya salongo, ile kazi ya pamoja, wakalima lote, wakapanda maharagi.

Barabara ilipofunguka nilipanda lori na yule mfanyabiashara. Tuliposhuka kwenye lori, mistari ilikuwa imenyooka, safi, hakuna jani.

"Shamba muzuri sana," akasema. "Lakini hii njo maharagi."

Nilijaribu kueleza. Aliniangalia kama mtu aliyeletwa bure, akapanda lori lake.

Nilienda kwa dada yangu, kule Mususa, nikalala. Sikulia. Sikumkasirikia mtu. Dada akileta chakula, naona sahani, basi. Mvua ikipiga mabati, naisikia kama iko kwa jirani. Hata kuuliza kuliisha, mimi niliyekuwa nikiuliza hata mbwa anaenda wapi.

Siku moja mama aliyeongoza ile salongo akaja na beseni ya maharagi.

"Papa, tumevuna. Ya kwako hii. Tunasikia unalala tu. Tulikosa wapi?"

"Hamukukosa, mama. Ile shamba ilikuwa ya kutolima."

Nilingoja acheke. Akaketi.

"Ulikuwa unangoja nini iote?"

"Sijue."

"Basi hata siye hatujue tuling'oa nini."

Ndugu zangu, nawaambia, hakuna aliyekuwa amenielewa hivyo. Furaha sikuisikia, nisiwadanganye. Nilisikia njaa. Dada akayapika yale maharagi, nikala, naye amesimama mlangoni ananitazama tu.

Yule mama akazungumza na wenzake. Kila mmoja akatenga kipande kwenye shamba lake mwenyewe, akasema hapa jembe halipiti. Kwetu huku, ardhi kidogo, watoto wengi! Majirani wanawaita wavivu. Wakwe zao pia. Hao ndio watu wa kwanza wa mfuko wetu. Yule wa Beni bado hajarudi.

Siku nyingine naamka ganzi ingalipo. Naenda hivyo hivyo kuangalia vipande. Juzi mama yule aliniita: "Papa, kuja uone. Kuko kitu hapa, siijue." Nikachuchumaa. Nami sikukijua. Tulikaa pale wawili, na hakuna aliyenyoosha mkono kukivuta.

Asante dada yangu. Asante mwalimu. Asante ninyi wamama, msifiche nyuso, sijataja jina. Niliyojifunza ni haya: kabla ya kumsaidia mtu, muulize anangoja nini, na akisema hajui, usimkimbie.

Jumamosi tuna salongo ya kuangalia tu, kule Musienene. Karibuni wote. Majembe yabaki nyumbani.