Ukanda wa Siku Moja

Mheshimiwa Seneta, Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, waheshimiwa mameya wa miji jirani, waheshimiwa madiwani wa pande zote mbili, wapishi wetu wa shule, ndugu wageni waalikwa, na wewe, Bwana Yvon Le Goadec, uliyekuwa Meya wa Ploumervel kwa miaka ishirini na minne hadi mwezi uliopita: karibuni sana!

Nimepewa dakika tano. Aliyenipa ni mke wa Bwana Yvon, na huyo namwogopa kuliko nilivyowahi kumwogopa mumewe.

Wengine mnajiuliza: kwa nini mimi, Armelle Quéinnec, ndiye ninayemuaga? Si Bwana Yvon huyu aliyesimama humu humu, uso mwekundu, akaninyooshea kidole na kusema, "Wewe si naibu wangu tena, wewe ni frondeur"? Ndiye! Na siku ile nililia kwa hasira njia nzima hadi nyumbani.

Neno lenyewe ni la zamani. Husemwa lilianzia kwa watoto wa Paris waliorusha mawe kwa kombeo: walinzi wakija wanatawanyika, wakiondoka wanarudi. Lakini hapa kwetu, frondeur ni nani? Si mpinzani. Mpinzani anakaa ng'ambo ya ukumbi na kura yake unaijua tangu asubuhi. Frondeur anakaa kando yako, mmepita milango ya watu pamoja mkiomba kura, amekula chapati za ngano nyeusi kwako. Halafu mkono wako unapanda, wake unabaki mezani. Ndiyo maana anauma!

Bwana Yvon alitaka kufunga jiko la shule, watoto waletewe chakula cha kiwandani kwenye visahani vya plastiki. Mkono wangu haukupanda. Baraza likaahirisha uamuzi, na yeye akaninyang'anya unaibu pamoja na ukanda wa rangi tatu tunaouvaa begani tukifungisha ndoa. Zilibaki siku tisa binti yangu Enora aolewe, na tangu akiwa mdogo alitaka nimfungishe ndoa mimi.

"Mama," akaniambia kwenye simu, "si ungeinua tu huo mkono?"

"Halafu nisaini cheti chako kwa mkono huohuo uliofunga jiko?"

Alikata simu. Niseme kweli: nilijuta. Nilikaribia kwenda kuomba radhi.

Ijumaa, siku moja kabla ya harusi, nikamkuta Bwana Yvon getini kwangu, mvua inamnyeshea, bahasha mkononi.

"Kesho nina homa," akasema.

"Mbona mzima?"

"Nimesema kesho, mbishi wee! Na manaibu wangu wote wana homa. Chukua."

Ndani mlikuwa na barua ya kunikabidhi mamlaka kwa siku moja, na ukanda wake mwenyewe. Sheria humruhusu diwani wa kawaida kufungisha ndoa pale tu Meya na manaibu wake wote wanapopata udhuru.

"Jumatatu ukanda unarudi mezani kwangu," akaongeza. "Sijakusamehe."

Ndugu zangu, nilimwoza mwanangu! Nyuma ya ukumbi alisimama mgonjwa wetu, kajifunga shali shingoni, anakohoa kikohozi cha uongo kuliko vyote nilivyowahi kusikia. Jumatatu nikaurudisha ukanda. Jioni yake tukapiga kura tena, mkono wangu ukabaki mezani, na jiko likapona kwa kura mbili. Supu mliyokunywa leo imetoka huko. Yeye amekunywa bakuli mbili, nimemwona!

Bwana Yvon, ulinipinga bila kunichukia. Mimi nilidhani haiwezekani. Nakushukuru, na nakupenda, nalisema mbele ya mkeo.

Sasa nimalizie. Juzi, katika kikao changu cha tatu kama Meya, naibu wangu Corentin Bihan, yule pale anayejificha nyuma ya chupa ya mvinyo wa tofaa, aliacha mkono wake mezani. Kwenye mpango wangu wa kwanza! Nikampigia simu Bwana Yvon nikiwa nawaka: "Nimnyang'anye ukanda?"

Akacheka mpaka akakohoa, safari hii kikohozi cha kweli. "Mnyang'anye," akasema. "Ila uliza kwanza kama ana mtoto anayefunga ndoa."

Corentin, nimeuliza. Mwanao anaoa mwezi wa sita. Ukanda wako niletee kesho saa tatu asubuhi, frondeur wee. Na mwezi wa sita, nahisi kabisa, nitashikwa na homa.

Nawashukuru nyote kwa kunipa masikio yenu. Inueni glasi, na wale msiopenda kuinua mikono, leo tu!