Lenah Mukhwana, Mama Aliyezima Mashine

Ijumaa hii, tarehe 30 Oktoba 1998, Bi. Lenah Mukhwana anaondoka katika kiwanda chetu cha blanketi hapa Baba Dogo baada ya miaka ishirini na minne ya kazi. Kampuni inasema anastaafu. Yeye ana miaka hamsini na mmoja, nguvu zake bado anazo, na ametuomba tuandike kwamba ameondolewa. Basi tumeandika. Ndiyo maana sherehe hii inafanyika katika ukumbi wa kanisa wala si kantini ya kiwanda, na soda mnazokunywa tumezinunua sisi wenyewe.

Mama Elsie, kama tunavyomwita kwa jina la bintiye, alikuja Nairobi kutoka upande wa Bungoma akiwa ameolewa na Seth, mfanyakazi wa reli. Kiwandani alianza kwa kufagia, kisha akapelekwa kwenye mashine tunayoiita Chanuo. Ina rola zenye meno ya waya, na kazi yake ni kuchana blanketi mpaka lipate manyoya laini. Wanaojifunika blanketi zetu hawajawahi kuisikia ikinguruma, na ni heri kwao.

Waliomkuta miaka hiyo wanamkumbuka kama mtu asiyesikika. Aliimba kwaya, lakini mwalimu wa kwaya aliwahi kumtegea sikio mdomoni kuhakikisha kwamba kweli anatoa sauti. Msimamizi wetu, Bw. Omolo, alimwita Helena mwaka baada ya mwaka, naye akawa anaitika. Mimi ninayeandika haya nilimuuliza kwa nini hamsahihishi.

"Aa, Annah," akasema, "nitamtia aibu bure mbele ya watu."

Chanuo ilikuwa na kifuniko cha chuma upande wa mbele. Kiliondolewa ili nyuzi zikikwama zitolewe upesi, na hakikurudishwa tena. Sote tulijua, na sote tulinung'unika pembeni wakati wa chai. Mwezi wa Agosti 1993 mashine ile ilimkata Mama Elsie vidole vitatu vya mkono wa kulia.

Alipokuwa hospitalini, kampuni ilimpelekea kikapu cha matunda na ujumbe kwamba ajali ilitokana na uzembe wake. Matunda yalikuwa mazuri. Aliporudi kazini alikabidhiwa ufagio, akawa tena pale pale alipoanzia, safari hii akiushika kwa mkono mmoja na kuubana kwapani.

Ametupa ruhusa ya kueleza yaliyofuata. Shirika la reli lilipopunguza watu, Seth alikuwa miongoni mwao, akaamua kurudi nyumbani. Alitaka waende pamoja.

"Kiwanda kimekula vidole," alimwambia. "Unangoja kiule na mkono?"

"Na nikirudi huko nitakuwa nani, Seth? Yule mgonjwa wa kuonewa huruma?"

Seth aliondoka peke yake. Mwaka uliofuata tulisikia ameoa mke mwingine. Mama Elsie alikuja kazini asubuhi ile kama kawaida, akafagia ukumbi mzima wa mashine, kisha akaufagia tena, na hakuna aliyethubutu kumwambia ulikuwa safi.

Ibada ya Jumapili ikiisha alikuwa akibaki kwenye benchi la nyuma akijifunza kuandika kwa mkono wa kushoto. Haikuwa picha ya kupendeza. Tulimwona akilia kwa hasira juu ya herufi moja, akavunja penseli, akaomba nyingine. Akina mama wa kanisa walipoletewa mafunzo ya huduma ya kwanza, alikaa mbele na kuuliza maswali mpaka wenzake wakaanza kuangalia saa. Hatukuelewa bado kilichokuwa kikitokea. Sidhani kama yeye mwenyewe alielewa.

Asubuhi moja Bw. Omolo alipaza sauti, "Helena! Hebu njoo huku!"

Hakwenda. Aliendelea kufagia mpaka Bw. Omolo akamfikia.

"Nakuita, husikii?"

"Jina langu ni Lenah."

"Si ni hayo hayo?"

"Siyo hayo hayo. Lenah."

Bw. Omolo alicheka, akageuka kutafuta wa kucheka naye. Hakumpata.

Baadaye wageni walipozidi kuajiriwa, wengi wao vijana wasiowahi kugusa mashine, ilibidi mtu awafundishe. Alipewa Mama Elsie, kwa kuwa hakuna mwingine aliyeitaka kazi hiyo. Alikuwa mwalimu mkali. Kila mgeni alionyeshwa kwanza mkono wake wa kulia, halafu ndipo akaonyeshwa Chanuo. Kila Jumatatu aliingia ofisini kudai kifuniko, na kila Jumatatu aliambiwa kinashughulikiwa.

Mwezi wa Machi mwaka jana sweta ya Lorine, msichana wa mtaa wa Pipeline aliyekuwa bado mgeni kazini, ilinaswa kwenye rola.

"Mathe! Inanivuta, mathe!" alimlilia Mama Elsie, kama vijana wanavyomwita mama.

Mama Elsie hakukimbilia mashine. Alikimbilia ukutani na kuipiga swichi kuu kwa kiganja cha ule mkono mbovu. Kiwanda kizima kikanyamaza. Lorine alitoka na mkono uliochubuka hadi kiwikoni, lakini mkono ulikuwa wake na vidole vyote vilikuwepo. Bw. Omolo alipofika mbio, Mama Elsie alikuwa bado anamfunga Lorine bandeji.

"Nani amezima? Washa!"

"Siwashi. Leta kifuniko."

"Mama, kuna oda ya watu inangoja. Unajua unachokifanya?"

"Najua. Wewe ndiye hujui, kwa sababu mikono yako iko mizima. Leta kifuniko."

Akaketi sakafuni, mgongo wake ukiziba swichi. Lorine akaketi karibu naye, halafu mimi, halafu ukumbi wote. Tulikaa hivyo hadi jioni. Wiki haikuisha kabla kifuniko hakijarudi mahali pake. Kilikuwa stoo siku zote hizo.

Jioni ya siku ile ya kukaa sakafuni tulikuwa bombani tukinawa aliponigeukia, akaniuliza kwa sauti ya mtu anayeshangaa, "Annah, umeona? Sikutetemeka."

"Nimeona, mama."

"Hata kidogo," akasema, akarudi kunawa.

Alisimamishwa kazi mwezi mzima. Mwaka huu kampuni ilipoamua nani aondolewe, jina lake lilitangulia. Wageni wakitembelea kiwanda siku hizi, meneja huwapeleka kuona kile kifuniko na kuwaeleza jinsi kampuni inavyowajali wafanyakazi.

Yapo maneno yatakayosemwa leo kwamba mkasa ule ulimjenga. Tunaomba yasisemwe. Mkasa ulimkata vidole. Aliyemjenga Lenah Mukhwana ni Lenah Mukhwana, kwenye benchi la kanisa, akiwa na hasira na mkono unaouma kila baridi ya Julai. Tungependa awe vile alivyo leo bila kulipia hivyo, na hatumsamehe yeyote kwa niaba yake. Yeye mwenyewe hajatuomba.

Juzi nati ya kifuniko ililegea. Lorine aliizima Chanuo bila kumuuliza mtu, akasimama kando na mikono nyuma. Bw. Omolo alikuja, akatazama, akaenda mwenyewe kumtafuta fundi. Mama Elsie alikuwa mlangoni akiyaona yote. Alifunga kitambaa chake vizuri kichwani, akatoka nje akitembea wima kuliko tulivyowahi kumwona.

Asante, mama, kwa kila mkono unaopiga makofi ukumbini humu. Tunakuombea miaka mingi ya kusikilizwa mara ya kwanza unapofungua mdomo, na asubuhi nyingi za kuamka bila kuwa na mtu wa kupigana naye.

Annah Ndindi, kwa niaba ya wenzako wa ukumbi wa Chanuo