Nyumba ya Uani ya Hasmik

Kituo cha Yolanda kilishapita, naye hakujali. Kwenye kiti cha mbele yake ndani ya basi, mama mmoja wa Kiarmenia alikuwa akikunja na kukunjua karatasi ya benki, amembana kijana aliyekaa naye kwa sababu tu alimwona na futi ya kupimia nyumba kiunoni.

"Wewe ni mthamini, mwanangu. Baba alituachia nyumba mbili kiwanja kimoja: mimi mbele, dada yangu Hasmik uani. Mwenzako aliyetumwa na benki kaandika nyumba ya Hasmik ni nyongeza tu ya yangu. Si ni pacha hizi?"

Kijana akaisoma karatasi. "Pacha zinalingana, mama. Hii ni ndogo, iko nyuma, na umeme mnatumia mita moja. Hata mimi ningeandika nyongeza."

"Shika adabu! Hasmik akiliona neno hilo, leo leo anahamia mji wa Fresno. Na namba ya mlango tulimpigilia juzi!"

"Namba haipandishi nyumba cheo. Jiko analo?"

"Jipya kabisa, hata nailoni haijatoka."

"Anapika wapi sasa?"

"Kwangu! Miaka kumi na moja tunakula sufuria moja."

Kijana akacheka. Yolanda, ambaye kwao wanalala watu tisa na hakuna ajuaye nani nyongeza ya nani, alijiuma ulimi asiingilie.

Basi likasimama. Hasmik alikuwa kituoni akimngoja dada yake nje ya mlango wa basi, ndala miguuni. "Haya, wameandikaje?"

Mama akaisukuma karatasi chini kabisa ya mkoba. "Nina njaa, Hasmik. Twende tukale kwanza."