Perlita na Orodha ya Ukutani

Wasikilizaji wapendwa, Perlita Sumagaysay ametutoka. Alikuwa na miaka hamsini na nane. Wengi mlimjua: msimamizi wa meza ya kusafisha jodari, kiwandani, hapa kwetu General Santos, Ufilipino.

Mikataba yetu mnaijua. Miezi mitano, kisha nje, ila wanaochaguliwa kuongezewa. Mitano tu! Mwezi wa tano ukikaribia, watu hubadilika. Rafiki anamfichia rafiki kisu. Mjuzi anamgeuzia mgeni mgongo, asije akajifunza. Huyu anamchongea yule. Siwalaumu, hofu ile naijua.

Mwaka mmoja Perlita aliagizwa achague wanawake kumi na wawili wa kuachwa bila mkataba mpya, kati ya arobaini.

"Mama Perlita, andika majina tu, maneno ya nini?" meneja alimwambia.

"Bwana, nikiandika kwa siri, hawa watamalizana kabla hujasoma jina la kwanza."

Akabandika vipimo ukutani, wiki tatu kabla: mahudhurio, na miiba inayobaki kwenye nyama. Kila mtu aliziona alama zake. Meza nyingine walinuniana. Kwa Perlita, aliyeuliza alijibiwa. "Wee, kisu kinashikwa hivi, unamchuna samaki au unamkuna?"

Lakini mezani hapo alikuwepo Nelia, mdogo wake wa tumbo moja. Nelia alikuwa amekosa siku sita, akimuuguza mama yao, ili Perlita aende kazini. Siku sita. Jina lake likawa la kumi na mbili kati ya wanaoachwa.

"Nilimwambia, Dada, siku zile nilikuwa na mama yako!" anasema Nelia. "Akalia. Jina hakulifuta."

Miaka miwili hawakusemeshana. Inauma, jamani.

Ila mkataba uliofuata, Perlita aliongeza mstari ukutani: siku za kuuguza hazihesabiwi. Aligombana na meneja wiki nzima mpaka ukakubaliwa. Na miaka ile miwili ilipotimia, akamwita Nelia, akamwomba radhi mbele ya meza yote.

Familia ya Sumagaysay, poleni sana. Nelia, pole mama.

Nasi tuliobaki, hasa wewe unayeshika orodha ya watu leo, tafakari maneno ya Nelia jana, mkono wake ukiwa juu ya jeneza:

"Viwanda vingine vimeniacha mara nne, na mpaka leo sijui kosa langu. Dada alinikosea, lakini alinitazama machoni."